Nimeibiwa baiskeli, limebaki gurudumu la mbele tu. Nifanyeje isitokee tena?

Swali: "Naishi Makorora, Tanga, na ninashona nguo karibu na soko la Mgandini. Mwezi uliopita nilinunua baiskeli ya gia ya mtumba, inchi 26, kwa shilingi 280,000, fedha niliyopokea kwenye mchezo. Juzi jioni niliifunga nje ya duka la vitambaa kwa kufuli la waya la namba, nikaingia ndani kuchagua bitana. Sikumaliza dakika kumi. Nilipotoka nikakuta gurudumu la mbele peke yake limefungwa kwenye nguzo, baiskeli haipo. Polisi wameniuliza risiti, sina. Namba ya fremu siijui. Jirani ananiambia ni vijana wa kijiweni, na ananihimiza twende kwa mtu wa kutazamia. Mtu mwingine kanishauri niweke kifaa cha kufuatilia kwa simu. Mume wangu anasema baiskeli si ya mjini, niache. Nikijaliwa kupata nyingine, ninunue kufuli gani lisilokatika? Na hii ya kwanza ndiyo nikate tamaa?"

Pole sana, dada yangu. Fedha ya mchezo najua inavyokusanywa, na najua uchungu wa kurudi nyumbani kwa miguu umebeba gurudumu mkononi, huku kila unayepishana naye anakuuliza baiskeli iko wapi. Mimi ni fundi wa baiskeli, huu ni mwaka wa 27, na waliokuja mezani kwangu na kisa kama chako siwezi kuwahesabu. Kwa hiyo kwanza ondoa moyoni lile la kujilaumu kwamba ulizembea. Ulifunga. Hukuonyeshwa tu mahali pa kufunga, na waliokuuzia baiskeli na kufuli walikuwa na wajibu wa kukuonyesha.

Umeuliza mambo mawili: hii iliyoibwa inapatikanaje, na ijayo inalindwaje. Naanza na iliyoibwa, maana habari ya kufuli inaweza kungoja hata mwezi, hii haiwezi kungoja hata kesho.

Aliyekuibia ana shida hivi sasa. Baiskeli aliyonayo ina gurudumu moja, haiendeki. Atafanya moja kati ya mawili: ama atafute gurudumu la mbele la inchi 26 aivalishe, ama aifungue yote auze vipande, yaani gia, breki, siti, gurudumu la nyuma. Njia zote mbili zinapita kwa mafundi na kwa wauza vipuri vya mtumba. Basi chukua gurudumu lako uzunguke nalo. Usiende kuuliza "mmeiona baiskeli yangu?", kwa sababu baiskeli za namna ile ni nyingi na fundi atakujibu hapana bila kuinua macho kwenye kazi yake. Muulize hivi: "Kuna mtu amekuja kutafuta gurudumu la mbele zima, la baiskeli kama hii?" Hilo fundi atalikumbuka. Watu wanakuja kununua tairi, tyubu, spoki, au rimu tupu. Anayetaka gurudumu zima la mbele, naye hana lile bovu mkononi la kulinganishia, ni mtu adimu. Anza leo, rudia baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Achia kila fundi namba yako ya simu, na uwaombe kwamba wakiona chochote wakupigie wewe au polisi, wasimkamate mtu.

Hapo kwenye kukamata mtu naomba unisikilize kwa makini. Huna ushahidi wowote juu ya wale vijana. Kukaa kijiweni si wizi, na jirani yako hakuona kitu, anakisia. Wewe na mimi tunajua neno "mwizi" likishapigwa kelele sokoni halirudishiki. Nimeshuhudia kijana akipigwa kwa ajili ya baiskeli, mawe na magongo, na kabla jua halijazama mwenye baiskeli akaikuta kwa shemeji yake aliyeiazima bila kuaga. Baiskeli ilirudi. Jicho la yule kijana halikurudi. Hata ukimwona mtu waziwazi yuko juu ya baiskeli yako, usipige kelele. Mtazame vizuri, piga picha ukiweza, mfuate kwa macho, piga 112 au mtafute mwenyekiti wa mtaa.

Na kwa mtu wa kutazamia usiende. Siidharau imani ya jirani yako, nasema kwa sababu nimeona mwisho wake mara nyingi. Utatoa fedha ambayo ungenunulia mnyororo wa maana, utaambiwa mwizi ni mtu wa karibu na kwamba anakujua, halafu utarudi mtaani unawapima majirani mmoja mmoja kwa maneno hayo. Ramli za kuchonganisha zimevunja nyumba nyingi kuliko wezi.

Polisi nao usiishie pale mlipoachana. Wizi ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na kitu kuwa cha laki mbili na themanini hakukifanyi kisiwe mali. Kifungu cha 265 ndicho cha adhabu ya wizi, na cha 311 kinamhusu anayepokea mali akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa. Risiti inasaidia sana, lakini asiye na risiti si kwamba hana haki. Rudi kituoni, eleza kwa utulivu, omba taarifa iandikwe upewe namba ya RB (wenzetu wa Kenya wanaiita OB). Bila namba hiyo, hata baiskeli ikikamatwa Muheza au Korogwe, hakuna kitakachoiunganisha na wewe. Usiichanganye na ile taarifa ya upotevu inayoombwa kwa mtandao. Hiyo ni ya aliyedondosha kitambulisho au laini ya simu. Wewe umeibiwa, na uandikishe kwamba umeibiwa.

Pengo la risiti linazibika. Rudi kwa aliyekuuzia, mwombe akuandikie kwa mkono kwamba alikuuzia baiskeli ya aina gani, rangi gani, tarehe gani, kwa kiasi gani, aweke sahihi na namba ya simu. Muulize pia kama anaandika namba za fremu anaposhusha mzigo, wapo wanaofanya hivyo. Tafuta picha kwenye simu yako na za ndugu. Mara nyingi mtu anakumbuka kwamba Sikukuu alipiga picha mtoto amekaa kwenye keria, na ile keria ndiyo ushahidi wenyewe. Andika kila kilichokuwa cha pekee: mkwaruzo, mpira wa mshikio uliochanika, stika, spoki iliyobadilishwa. Mtu akiweza kutaja alama kabla hajaonyeshwa baiskeli, maneno yake yana uzito kituoni na mahakamani.

Sasa tuje kwenye kufuli. Swali lako, "kufuli gani lisilokatika", naliheshimu, lakini jibu la kweli ni kwamba halipo. Grainda ya betri inakata kila kufuli ninalolijua. Mengine yatammalizia mtu sahani kadhaa, mengine hayafiki dakika moja. Unaponunua kufuli unanunua muda na kelele: mwizi akae pale kwa muda gani, na wangapi wamsikie. Mwizi wa mchana sokoni hana dakika tano. Mwizi wa usiku uani kwako anazo saa tatu. Ndiyo maana kufuli lilelile linatosha mahali pamoja na halitoshi mahali pengine.

Ila kwako wewe hakuna kilichokatwa, na hili ndilo la kuelewa kabla ya kutoa senti nyingine. Kufuli lako lilibaki zima, limelishika gurudumu kama ulivyoliamuru. Baiskeli yako bila shaka ilikuwa na ule mshikio mdogo ubavuni mwa gurudumu la mbele, unaogeuzwa kwa kiganja na gurudumu likatoka bila spana. Unahusishwa na Mwitaliano Tullio Campagnolo, mwendesha baiskeli wa mashindano, mwaka 1930, ili mshindani atoe gurudumu haraka. Kwa mwenye haraka ya mashindano ni neema. Nje ya duka la vitambaa, haraka hiyo anaifaidi mwingine. Nimejipima hapa kibandani: kugeuza mshikio, kulegeza kidogo, kuinua uma wa mbele, sekunde kumi hazikwisha.

Kwa hiyo mahali pa kupitisha kufuli kuna uzito kuliko bei yake. Pitisha kwenye gurudumu la nyuma, ndani ya ile pembetatu ya nyuma ya fremu (inayofanywa na bomba la siti na vyuma vinavyolishika gurudumu hilo), kisha kwenye nguzo. Gurudumu la nyuma lina cheni na gia, ndilo ghali na ndilo gumu kutoa. Kuna fundi maarufu wa Marekani, Sheldon Brown, aliyefariki mwaka 2008, aliyewafundisha wengi kwamba hata ukifunga rimu peke yake, mradi iwe ndani ya pembetatu hiyo, baiskeli haitoki, kwa sababu rimu haipiti pale. Ni kweli, nimejaribu. Lakini mimi nakushauri uchukue mnyororo mrefu kidogo ushike na bomba la fremu pia, maana huku kwetu mnyororo mrefu ni rahisi kupata kuliko yale makufuli mafupi ya umbo la U.

Nguzo nayo uitazame. Itikise. Kama inacheza, mwizi ataing'oa. Angalia juu: kama ni fupi na haina kibao wala kichwa kipana, baiskeli itanyanyuliwa ipitishwe juu pamoja na kufuli lake. Mti mchanga usiufunge, unakatwa kwa panga. Nondo za dirisha zilizojengewa ukutani ni nzuri kama mwenye duka ameridhia. Mnyororo usiuache umelala chini, kwa sababu mwenye mkasi mkubwa wa kukatia nondo huweka mkono mmoja wa mkasi ardhini, akaukanyaga mwingine kwa uzito wa mwili wote. Ukiwa juu, umekaza, anabaki na nguvu za mikono tu, na watu wanamwona anavyohangaika.

Yale makufuli ya waya yanadanganya kwa unene. Ukilichuna lile la shilingi elfu chache, chini ya plastiki utakuta nyuzi nyembamba za chuma zilizosokotwa, na koleo ya kawaida inazitafuna moja baada ya nyingine. Ya namba za bei rahisi yana ugonjwa mwingine: mwenye vidole vilivyozoea anaweza kulifungua bila kukata kitu. Lako libakize kwa kazi ndogo, kama kushika kofia ngumu.

Nunua mnyororo na kufuli la ufunguo, na uende dukani na tupa ndogo. Wiki iliyopita mteja wangu aliniletea mnyororo mzuri kwa macho, umevikwa kitambaa, akajisifu kwamba ni chuma cha pua. Niliuvua kitambaa, nikasugua pete moja kwa tupa mara tatu. Tupa iliuma, ikaacha mstari mweupe unaong'aa na unga wa chuma kwenye kidole changu. Hicho ni chuma laini. Nikachukua mnyororo wangu mwenyewe nikasugua vilevile: tupa iliteleza kama imepita juu ya chupa, haikuacha kitu. Hicho ni chuma kilichochomwa moto kikazimwa ghafla kiwe kigumu, nacho mkasi wa mkono unakiogopa. Jaribio hilo halikugharimu chochote, na muuzaji anayekukatalia usifanye, hata kwenye pete ya mwisho isiyoonekana, amekwishakujibu. Unene wa pete usiwe chini ya milimita 8. Ukipata 10 ni bora, ingawa uzito wake utausikia kwenye keria. Kufuli lenyewe liwe na upindo mfupi mnene, ili likishafungwa isibaki nafasi ya kupenyeza nondo na kulipindua.

Hapa Tanga tuna upepo wa bahari, na kufuli linalokwama ndilo mtu anaanza kuacha kulifunga. Usilitie oili nzito, inashika mchanga. Kwangua risasi ya penseli, pulizia ule unga mweusi kwenye tundu la ufunguo. Ukifunga, tundu litazame chini.

Gurudumu la mbele na siti zina dawa yake, na fundi yeyote atakufanyia kwa nusu saa. Toa ule mshikio, weka ekseli ya nati zinazokazwa kwa spana. Siti uifunge kwa kipande cha cheni kuukuu ya baiskeli kilichovalishwa tyubu, kipite kwenye vyuma vya chini ya siti na kwenye fremu, kisha kiunganishwe kwa pini kama cheni ya kawaida. Tyubu inazuia isikwaruze rangi. Kwenye bolti za tundu la pembe sita, tumbukiza golori ndogo inayobana, kisha dondosha nta juu yake. Anayekuja na spana yake anakuta tundu limejaa, wewe ukitaka kufungua unaitoa kwa sindano. Hayo yote hayamzuii aliyekusudia, lakini yanamchelewesha, na dukani dakika kumi zako zinatosha.

Nyumbani ndiko watu wanakolegeza. Sipati picha kwa nini baiskeli inayofungwa sokoni kwa minyororo miwili inalala kibarazani imeegemezwa ukutani, lakini naiona kila siku. Ukiweza, ilale ndani. Kama ni nyumba ya kupanga yenye korido ya watu wote, ongea na mwenye nyumba mchimbe shimo la sentimita 30 uani, mpinde nondo ya milimita 16 kama U, muichomelee kipande cha kukingama kwa chini, mmwagie zege. Kile kipande cha kukingama ndicho kinachofanya isivutike. Wapangaji wote watafunga hapo, na baiskeli tatu zilizofungwa pamoja ni mzigo ambao hakuna anayeuchukua kimyakimya.

Sasa nije kwenye jambo ambalo katika yote haya nalipa uzito wa kwanza. Miaka yote hii nimeona kwamba mwizi wa baiskeli hasumbuliwi sana na kufuli. Kinachomsumbua ni kuuza. Kufuli anapambana nalo dakika moja, lakini baiskeli inayojulikana inamsumbua hadi aitupe. Kwa hiyo fedha yako igawe: nusu kwenye mnyororo, nusu kwenye kuifanya baiskeli ijulikane kuwa ni yako, ingawa hiyo nusu ya pili karibu yote ni kazi ya mikono.

Nikupe mfano wa mezani kwangu. Mwaka jana alikuja kijana na baiskeli nyekundu ya mtumba, akataka niipake nyeusi siku hiyohiyo. Rangi yake ilikuwa nzima. Frewili ilikuwa mpya kabisa na cheni imechoka, jambo ambalo mwenye baiskeli hulijua maana alilipa, nikamuuliza aliibadilisha lini. Akatazama barabarani. Nikaigeuza magurudumu juu. Pale chini, pedeli zinapoingia kwenye fremu, palikuwa pamesuguliwa kwa tupa hadi chuma kinang'aa kama sarafu. Nikamwambia rangi imekwisha, aiache aje kesho. Akaichukua akaondoka nayo, na nilipompa habari mwenyekiti wa mtaa sikuwa na la kumwambia zaidi ya "nyekundu". Namba ilikuwa ndiyo alama pekee, nayo ilikuwa imekwishafutwa.

Ndiyo maana nataka alama tatu. Ya kwanza ni namba ya fremu yenyewe. Iko chini ya pedeli, au kwenye bomba la siti kama ilivyo kwa nyingi za Japani, au kwenye bomba la mbele chini ya usukani. Sugua tope kwa mswaki na mafuta ya taa, iandike, ipige picha ikiwa na fremu nzima. Ya pili iwe ya wazi: jina lako au herufi zako zimegongwa kwa patasi ya herufi kwenye keria na kwenye fremu, mahali ambapo kuzifuta kutaacha kovu. Ya tatu iwe ya siri, ujue wewe na mumeo tu. Andika jina na namba ya simu kwenye kikaratasi, kizungushie nailoni, kisukume ndani ya bomba la usukani chini ya mpira wa mshikio, au ndani ya bomba la siti. Kingine andika kwa kalamu isiyofutika kwenye ule utepe unaokaa ndani ya rimu chini ya tyubu. Siku ya kutambua, unamwambia askari, "Afande, toa mpira wa kulia, utakuta karatasi." Sijaona ubishi uliosimama mbele ya karatasi hiyo.

Wenzetu wa mbali wana daftari la taifa. Japani usajili wa baiskeli ni lazima kisheria tangu 1994, na stika yake ndiyo ile unayoiona bado imeganda kwenye fremu za mtumba, yenye maandishi ya Kijapani na tarakimu. Stika hiyo ilimtambua mwenye baiskeli wa kule, wewe haikutambui, usiitegemee. Uholanzi, mnunuzi anaweza kuangalia kwa namba ya fremu kama baiskeli imeripotiwa kuibwa. Sisi daftari ni la kila mtu nyumbani kwake, na wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nunua lile la kurasa 48, andika namba, rangi, tarehe, bei, fundi uliyempelekea na alichobadilisha. Nakala mpe mwenyekiti wa mtaa akugongee mhuri.

Kifaa cha kufuatilia kwa simu sikikatai, lakini usikinunue kabla ya mnyororo. Kile chenye laini yake kinataka vocha, chaji na mtandao, na ukisahau kukichaji wiki moja umefunga kipande cha plastiki. Vile vidogo visivyo na laini vinategemea simu za watu wanaopita karibu navyo, kwa hiyo mjini vinaweza kufaa, kijijini vinanyamaza. Na hata kikikuonyesha nyumba, huendi kugonga mlango. Unaenda kituoni na RB yako, unamwonyesha askari.

Mumeo naye usimpinge haraka, anasema kwa kukuonea huruma. Ila hesabu naomba mfanye pamoja: nauli ya daladala kwenda na kurudi, siku sita kwa wiki, mwaka mzima, mkiweka pembeni ya baiskeli nyingine, mnyororo na matengenezo. Nadhani baiskeli itashinda, na mji wetu ni tambarare, unaendesheka. Lakini kama unarudi saa tatu usiku kupitia mahali penye giza, hapo mumeo ana hoja, na suala si wizi tena, ni usalama wako. Siku hizo panda gari. Pikipiki sikushauri kama dawa ya wizi, maana nayo inaibwa, na hasara yake ni mara kumi.

Ukinunua nyingine, nunua kwa mtu mwenye mahali pake pa kudumu, na muandikishane: majina, namba za simu, namba ya fremu, shahidi mmoja. Ukikutana na baiskeli ya gia nzuri inauzwa elfu sitini vichochoroni, pita. Kile kifungu cha 311 nilichokutajia kinamwangalia anayepokea, si mwizi, na isitoshe kuna dada mwingine mahali fulani anarudi nyumbani na gurudumu mkononi.

Mambo mawili usiyafanye peke yako. Ukisikia baiskeli iko kwa fulani, hata akiwa ndugu, mchukue mwenyekiti wa mtaa au polisi kata uende naye. Na kama kituoni umezungushwa zaidi ya mara mbili bila kuandikiwa, omba kuonana na mkuu wa kituo. Ikibidi, kituo cha msaada wa kisheria watakusaidia hati ya kiapo kwamba mali ni yako. Wapo wanaotoa huduma hiyo bila malipo, uliza ofisi ya kata.

Gurudumu lililobaki usiliuze, hata akija mtu na bei nzuri. Hasa akija mtu na bei nzuri. Muulize linakwenda kwenye baiskeli gani. Rimu yake, spoki zake na mchoro wa tairi yake ni pacha wa lile la nyuma lililoibwa. Usilisafishe, usibadilishe tairi. Litundike ndani, mbali na watoto, na siku utakayoitwa kituoni kutambua baiskeli yako, nenda nalo.